Maswali ya Wasomaji: Je, Mtoano Unaweza Kuupata Wimbo Bora wa The Fall?

SWALI: Mhariri wa safu ya muziki, nakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiishi Salford, kaskazini mwa Uingereza, mji aliozaliwa Mark E. Smith, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya The Fall. Tupo mashabiki 30 tunaokutana kila Alhamisi, na mwaka huu tuliamua kuzishindanisha nyimbo 64 za bendi hiyo kwa mtoano. Tulichanganya karatasi kofiani, tukazipanga nyimbo mbili mbili; kila mtu ana kura moja, na wimbo unaoshindwa unatoka moja kwa moja. Katika raundi ya kwanza, "The N.W.R.A.", wimbo ninaoupenda kuliko yote, ulikutana na "Totally Wired" ukatolewa kwa kura 17 dhidi ya 13. Wenzangu wananiambia kwamba wimbo bora hauchagui mpinzani. Je, ni kweli?
Msomaji, Salford

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, na pole hiyo naitoa kwa dhati, kwa kuwa wimbo wako ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za bendi hiyo. Wenzako wamekosea, ingawa kosa lao ni la watu wengi.

Kwa faida ya wasomaji wengine, The Fall iliundwa mwaka 1976 huko Prestwich, karibu na Manchester, katika wimbi la roki lililozaliwa mara tu baada ya panki, ikajipa jina la riwaya ya Albert Camus. Kuanzia mwaka 1979 hadi 2017 ilitoa albamu za studio zaidi ya 30, huku wanamuziki wakiingia na kutoka hata wakapita 60, na aliyebaki tangu mwanzo hadi mwisho ni Smith peke yake, aliyefariki dunia Januari 24, 2018 akiwa na umri wa miaka 60. Haikuwahi kuwa bendi ya umma mpana. Ni bendi ya watu wachache wanaoipenda kupita kiasi, na wachache hao hawakuipenda kwa sababu moja.

Tuanze na droo yenu. Tuseme upo wimbo mmoja ambao kwa kweli ni bora kuliko yote 64, na tuseme tena kwamba kila mara ulio bora ndio unaoshinda. Wimbo wa pili kwa ubora una nafasi 63 za kuangukia katika ratiba, na nafasi 31 kati ya hizo ziko upande uleule wa ule wa kwanza. Kwa hiyo, takriban nusu ya droo zote zitautoa wimbo wa pili kwa ubora kabla ya fainali, pengine katika raundi ya kwanza kabisa, na medali ya fedha itachukuliwa na wimbo usioistahili. Jambo hili lilielezwa mwaka 1883 na Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alipoandika kuyapinga mashindano ya tenisi ya siku zake. Mtoano, hata ukienda bila kosa lolote, unamtambua bingwa tu. Hausemi lolote la kuaminika kuhusu waliobaki.

Na kwa nyimbo, hata huyo bingwa ana shaka. Chukua mashabiki 30 kama ninyi, uwagawe katika makundi matatu ya watu kumikumi. Kundi la kwanza ni la wapenzi wa siku za mwanzo: wanaupenda "Totally Wired" wa mwaka 1980, kisha "Cruiser's Creek" wa mwaka 1985, kisha "Blindness" wa mwaka 2005. Kundi la pili liliingia wakati Brix Smith alipokuwa akipiga gitaa na kuipa bendi mahadhi laini zaidi. Wao wanaanza na "Cruiser's Creek", wanafuatisha "Blindness", wanamalizia na "Totally Wired". Kundi la tatu, la vijana, linaanza na "Blindness", kisha "Totally Wired", kisha "Cruiser's Creek". Hesabu mwenyewe: "Totally Wired" unaushinda "Cruiser's Creek" kwa kura 20 dhidi ya 10, "Cruiser's Creek" unaushinda "Blindness" kwa kura 20 dhidi ya 10, na "Blindness" nao unaushinda "Totally Wired" kwa kura zilezile 20 dhidi ya 10. Nyimbo hizo tatu zinazungukana kama mbwa anayefukuza mkia wake. Anayetwaa kombe hapo ni ule uliobahatika kukutana na wenzake kwa mpangilio unaoufaa, na hakuna mpiga kura aliyebadili nia wala kukosea. Mfaransa Condorcet alilionyesha fumbo hili mwaka 1785 akizungumzia uchaguzi wa watu, nami naliona linaibana bendi hii kuliko nyingi nyingine, kwa sababu mashabiki wake wamegawanyika kwa vipindi kiasi kwamba shabiki wa albamu ya "Hex Enduction Hour" ya mwaka 1982 anaweza kuwa hana neno na shabiki wa albamu za mwisho.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Katika kura ya wawili, mtu anayeupenda wimbo kidogo tu na mtu ambaye wimbo huo ulimbadilishia maisha wana kura moja moja. "Totally Wired" ni wimbo wa dakika tatu na ushee, una kiitikio ambacho yeyote anaweza kukipokea kwa sauti, na sijakutana na shabiki anayeuchukia. "The N.W.R.A." unafunga albamu ya "Grotesque" ya mwaka huohuo wa 1980; ni masimulizi ya takriban dakika tisa kuhusu uasi wa watu wa kaskazini unaokwenda mrama, gitaa la besi la Steve Hanley likirudia njia ileile bila kuchoka huku Smith akisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma barua asiyotaka isomwe. Wapo watakaouzima kabla ya dakika ya nne, na wapo kama wewe watakaousikiliza hadi mwisho na kuurudia. Mtoano unaupa tuzo wimbo usiochukiwa, ilhali The Fall ilijijengea heshima kwa nyimbo zinazowagawa watu.

Sisemi muache. Watu wa Dar es Salaam walishindanisha Msondo na Sikinde kwa miongo kadhaa, na ushindani ule uliwafanya wasikilizaji wasikie mambo ambayo wasingeyasikia. Ila rekebisheni kanuni. Kabla ya droo, kila mmoja aandike nyimbo kumi anazozipenda. Zile 16 zitakazotajwa zaidi ziwekwe katika chungu cha kwanza ili zisikutane mapema. Wimbo utolewe baada ya kushindwa mara mbili, si mara moja. Na tafadhali wekeni kumbukumbu ya idadi ya kura za kila pambano: wimbo uliopata kura 13 kati ya 30 mbele ya mpinzani wa aina ile si wa kuorodheshwa pamoja na uliopata kura tatu.

SWALI: Nasi hapa Nairobi tuna mashindano kama hayo, lakini tumekwama. Nyimbo nyingi za The Fall zina rekodi zaidi ya moja. Tupigie kura wimbo au rekodi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Pigieni kura rekodi, na muitaje waziwazi kabla ya pambano. John Peel, mtangazaji wa BBC, aliialika bendi hii studioni mara 24 kati ya mwaka 1978 na 2004, na mara kadhaa kilichotoka huko kina nguvu kuliko cha albamu. "Blindness" ulirekodiwa kwake mwaka 2004, kabla ya albamu ya "Fall Heads Roll" ya mwaka 2005, nami ningeipa rekodi ya Peel ushindi mbele ya nyimbo nyingi zinazopewa nafasi kubwa. Vilevile "Theme from Sparta F.C.", unaoimbwa kwa sauti ya mashabiki wa soka, ulitoka kwanza katika albamu ya mwaka 2003, kisha ukarekodiwa upya, ile rekodi ya pili ndiyo iliyoongoza kura za wasikilizaji wa kipindi cha Peel mwishoni mwa mwaka 2004, miezi miwili baada ya Peel kufariki huko Peru. Kura hiyo haikuwa ya mtoano: wasikilizaji walituma majina ya nyimbo walizozipenda na kura zikajumlishwa, jambo linalonipa imani zaidi na matokeo yake. BBC iliutumia wimbo huo katika kipindi chake cha matokeo ya soka, na Novemba 2005 Smith mwenyewe alialikwa kuyasoma matokeo hayo hewani.

SWALI: Je, nyimbo za watu wengine walizozirudia ziruhusiwe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Wimbo wa The Fall uliopanda juu kuliko yote katika chati za Uingereza, hadi nafasi ya 30 mwaka 1987, ni "There's a Ghost in My House", ambao ni wa R. Dean Taylor, mwaka uliofuata "Victoria" wa The Kinks uliwafikisha nafasi ya 35. Mkiziruhusu, zitazifunika kazi za Smith mwenyewe kwa sababu tu masikio ya wengi yamezizoea. Ziandalieni kombe lao dogo la nyimbo nane, jioni moja tu inatosha. Kura yangu humo ni ya "Mr. Pharmacist".