Maswali ya Wasomaji: “Gen Z” ni nani kwenye habari?

SWALI: Mimi ni ripota wa redio ya jamii mjini Nakuru. Kila nikiandika “Gen Z waliandamana”, mhariri wangu anakata na kuweka “vijana”. Wenzangu kwenye magazeti wanaliandika kila siku. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Mhariri ana haki ya kukata, ila hilo neno aliloweka nalo lina tatizo lake. Tuanze na umri. Kwa hesabu inayotumika zaidi, Gen Z ni waliozaliwa kati ya 1997 na 2012. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipoanza Nairobi, Juni 18, 2024, mkubwa wao alikuwa na miaka 27 na wadogo walikuwa bado shule ya msingi. Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 18 ambaye hajafikisha 35. Kwa hiyo mwenye miaka 32 ni kijana lakini si Gen Z, na wa miaka 16 ni Gen Z lakini kisheria ni mtoto. Ukiyachanganya, msikilizaji hajui umemwona nani.

Mtaani wenyewe walilitambua hilo mapema. Waliovuka umri walipojiunga, likazuka jina “Gen Zote”. Ripota aliyeandika Gen Z peke yake aliwafuta wachuuzi, mawakili na wazazi waliokuwa kwenye barabara ileile.

Tumia “Gen Z” pale wahusika wanapojiita hivyo, au unapojua umri wao. Morocco, 2025, kundi lililoitisha maandamano lilijiita GenZ 212, kwa hiyo hapo unaandika jina lao. Kwingine andika ulichokiona. Badala ya “Gen Z wafunga barabara”, sema “Waandamanaji, wengi wao wanafunzi wa chuo, wafunga barabara kwa saa mbili”. Uliza umri kila unapochukua jina la mtu, na uuandike kwenye daftari papo hapo. Ukirudi ofisini bila umri, ndipo mkono unapokimbilia lebo.

Na usiseme “Gen Z wamekataa mazungumzo”. Nani alikataa? Harakati ile ya Kenya ilijitangaza haina kiongozi, chama wala kabila, kwa hiyo hakuna aliyetumwa kuwasemea wote. Andika “waandamanaji watano waliozungumza nasi walikataa”. Duka likivunjwa, ni “watu waliovunja duka” hadi ujue zaidi. Hapa ndipo neno hili linapoumiza kweli: kosa la wachache linawaangukia mamilioni kwa sababu tu ya mwaka waliozaliwa.

Kisingizio cha nafasi kwenye kichwa cha habari hakisimami. “Gen Z” inachukua nafasi tano ukihesabu pengo, “vijana” herufi sita.

SWALI: Upatanisho je? “Gen Z ilisema” au “walisema”?

JIBU: Ni watu, wape a-wa: Gen Z mmoja alikamatwa, Gen Z watatu walikamatwa. Ukitanguliza kizazi, fuata kizazi: kizazi cha Gen Z kimekulia kwenye simu. Hewani tamka “jenzii”.

SWALI: Huku Dar es Salaam tuna “panya road”. Je, kanuni ni hiyohiyo?

JIBU: Ni kali zaidi, kwa sababu panya road ni tuhuma tayari. Jina hilo limebeba picha ya kundi la vijana wenye mapanga wanaovamia mtaa. Polisi wakikamata vijana kumi, hao ni watuhumiwa kumi. Kama kamanda amewaita panya road, mnukuu kwa jina na cheo, kisha wewe uendelee na “watuhumiwa” hadi mwisho wa habari. Uliza wanashtakiwa kwa kosa gani na lini wanafikishwa mahakamani. Uliza pia umri: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Huyo usimtaje jina, usioneshe sura yake, na usitaje shule wala jina la baba, maana majirani watamtambua kwa hayo tu.