Filamu za Lucille Ball zilikuwa mali ya nani?

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza mambo mawili: je, ni kweli kwamba Lucille Ball, mchekeshaji wa Marekani aliyejulikana kwa kipindi cha I Love Lucy, aliingia kwenye televisheni kwa sababu sinema ilimshinda, na kwa nini vipindi vyake vya miaka ya 1950 vingali vinaonyeshwa hadi leo ilhali vya wenzake wengi wa wakati ule vimetoweka? Nitayajibu kwa pamoja, kwa kuwa naamini jibu la pili ndilo linaloeleza la kwanza. Nimehariri vichekesho vya televisheni hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne, na maisha ya mwanamke huyu nimeyasoma kwa jicho la fundi anayetaka kujua kazi ilifanywaje na mkataba ulisemaje.

Habari ya kushindwa ina ukweli wa nusu. Alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911, na mwaka 1933 alionekana katika Roman Scandals akiwa miongoni mwa wasichana wa kupendezesha picha, bila hata jina lake kuandikwa. Baada ya kupita studio ya Columbia kwa muda mfupi, aliingia studio ya RKO, na humo alianza chini kabisa: katika Top Hat ya mwaka 1935 yeye ni mhudumu wa duka la maua mwenye maneno machache tu. Mwaka 1937 alipewa nafasi nzuri zaidi katika Stage Door, pamoja na Katharine Hepburn na Ginger Rogers, na mwaka 1942 aliigiza na Henry Fonda katika The Big Street, akiwa mwimbaji mwenye kiburi anayepoteza nguvu za miguu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora ya sinema isiyo ya kuchekesha, na anayesema kwamba hakuwa na kipaji cha sinema aitazame kwanza.

Kilichomkwamisha ni utaratibu wenyewe wa studio za wakati ule. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba ambao kwa kawaida ulifika miaka saba, akalipwa mshahara wa kila wiki, na studio ikamchagulia nafasi, ikampangia sura, na ikamwazima kwa studio nyingine ilipoona faida. MGM ilipomchukua, nywele zake zilitiwa rangi nyekundu kwa ajili ya Du Barry Was a Lady ya mwaka 1943, na rangi hiyo ikawa alama yake ya maisha, lakini studio hiyo yenye nyota wengi haikujua imweke wapi. Magazeti yalimwita malkia wa filamu za daraja la pili. Hata hivyo, miaka hiyo haikupotea bure, kwa sababu pale MGM alikuwapo Buster Keaton, gwiji wa filamu zisizo na sauti ambaye wakati huo alikuwa amebakia kubuni vichekesho vya kuwapa wengine, na yeye pamoja na mwongozaji Edward Sedgwick walimfundisha kufanya kazi na vitu: namna ya kushika kikapu, kofia au ngazi hadi kitu chenyewe kiwe mwigizaji mwenza. Somo hilo halikupata pa kutumika katika sinema alizopangiwa.

Mwaka 1948 mambo mawili yalitokea. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyozilazimisha studio kubwa kuachana na majumba yao ya sinema, na nguvu ya kuwaweka waigizaji kwa mikataba mirefu ikaanza kupungua. Naye Lucille Ball akaanza kipindi cha redio cha kampuni ya utangazaji ya CBS kiitwacho My Favorite Husband, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, na waandishi wake, Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll, wakagundua kwamba anachekesha zaidi anaposikia kicheko cha watu walio mbele yake. CBS ilipotaka kukihamishia televisheni, alitaka mume wa kwenye kipindi awe mumewe wa kweli, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Cuba. Wakubwa wa CBS walihofu kwamba watazamaji hawatakubali ndoa ya namna hiyo. Mwaka 1950 mke na mume wakazunguka na onyesho lao katika kumbi za miji mbalimbali, na watu wakawapokea vizuri.

Sasa tufike mahali ambapo naomba tukae kidogo. Vipindi vingi vya wakati huo vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ilipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Picha hiyo ilikuwa hafifu na yenye ukungu. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka watazamaji wa mashariki, waliokuwa wengi zaidi, wapate picha ya aina hiyo, na wenye kipindi hawakutaka kuihama California. Suluhisho likawa kurekodi kwa filamu ya milimita 35, palepale Hollywood, mbele ya watazamaji. Gharama ilipanda, na mke na mume wakakubali kupunguziwa dola 1,000 kwa wiki kwa sharti moja: filamu zenyewe ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Mwaka 1951 karibu hakuna aliyeona thamani ya kipindi kilichokwisha kuonyeshwa. Sharti hilo ndilo lililonifanya nimheshimu Desi Arnaz kama mtu wa biashara, na inanisikitisha kwamba wengi humkumbuka kwa ngoma na nyimbo zake tu.

Kiufundi kazi ilikuwa ngumu. Hawakuwa wa kwanza kutumia kamera kadhaa za filamu kwa wakati mmoja, lakini kuzipeleka tatu mbele ya ukumbi uliojaa watu na bado kupata picha ya kiwango cha sinema kulihitaji mtu wa pekee. Walimpata Karl Freund, aliyekuwa miongoni mwa wapiga picha wa Metropolis, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti, na aliyepata Oscar kwa The Good Earth. Katika sinema kila picha huwekewa taa zake. Hapa picha ya mbali na ya karibu zilichukuliwa kwa dakika ileile, na sakafu ilipaswa kubaki wazi ili kamera zipite. Freund alitundika taa juu, akasambaza mwanga ulio sawa kila upande, akataka na seti zipakwe rangi za kijivu za viwango mbalimbali ili aweze kudhibiti weusi na weupe. Nimewahi kukaa katika ukumbi wenye kamera tatu na taa chache, nikaona uso wa mwigizaji unavyofifia kila anaposogea hatua mbili kutoka alama yake, kwa hiyo naelewa mzee huyo alitatua nini. Mhariri wao, Dann Cahn, alifanya kazi kwa mashine ya Moviola iliyoweza kuonyesha picha za kamera zote tatu pamoja, jambo ambalo leo tunalifanya kwa kompyuta bila kufikiri.

I Love Lucy ilianza tarehe 15 Oktoba 1951. Mwaka uliofuata kikaonyeshwa kipindi cha kiwanda cha chokoleti, ambamo Lucy na mwigizaji mwenzake Vivian Vance wanashindwa kufunga peremende zinazopita mbele yao kwenye mkanda unaozidi kwenda kasi, na hapo somo la Buster Keaton linaonekana wazi: mkanda ndio unaowachekesha watu, nao wanahangaika kwa dhati kabisa, bila kuomba kicheko. Tarehe 19 Januari 1953 takriban watu milioni 44 walitazama Lucy akijifungua mtoto, siku ileile mama mwenyewe alipojifungua kweli.

Kufikia mwaka 1957 walikuwa wamekwisha kuiuzia CBS haki za vipindi vilivyopita kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwishoni mwa mwaka huo Desilu ikanunua viwanja na majengo ya RKO kwa kiasi cha dola milioni 6. Mhudumu wa duka la maua akawa mwenye nyumba. Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Miaka miwili baadaye Lucille Ball alinunua hisa za Desi na kuongoza studio mwenyewe, na chini yake zilianza Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966, kabla hajaiuza kwa dola milioni 17 mwaka 1967. Vipindi vyake vya baadaye havikufikia cha kwanza, na kile cha mwaka 1986 kilisitishwa baada ya kuonyeshwa mara nane tu.

Kwa nini basi vya kwanza bado vipo? Kwa sababu vilikuwa filamu halisi, na kwa sababu mwanzoni vilikuwa na mwenyewe aliyejua kwamba ni mali. Mimi mwenyewe nilianza kazi katika kituo kimoja, sitakitaja, ambako tulirekodi kichekesho cha kila wiki kwa karibu miaka mitatu. Waigizaji walilipwa kwa kipindi, na mkataba haukuwa na neno lolote kuhusu marudio wala nakala. Kanda zilipopungua, vipindi vyetu vilifutwa ili zirekodiwe habari nyingine. Mwigizaji wetu mkubwa alipofariki, watoto wake walikuja kuomba angalau kipindi kimoja cha baba yao, nami nikawatolea dakika sita zilizosalia katika diski yangu ya majaribio. Binti yake mdogo aliniuliza kama zile zilikuwa zote, nikamjibu ndiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kuona mwenyewe kama sinema ilimshinda, anza na lile duka la maua katika Top Hat, ufuate The Big Street yote, kisha utazame kiwanda cha chokoleti mara mbili: mara ya kwanza ucheke, mara ya pili uangalie mikono yake tu.