Injini ya raundi chache: pima nafasi ya propela kwanza

Anayejengesha boti ya starehe ya mtindo wa zamani huko Nungwi huanza na swali la injini, na jina linalotajwa ni Gardner 6LXB. Ujazo wa silinda lita 10.45, raundi 1,500 kwa dakika, ukiitunza inazeeka na wewe. Lakini kwa boti yenye urefu wa futi 36 pale inapokata maji, ni kubwa mno. Boti hiyo haipiti noti 8 hata uifungie injini mbili. Kwa noti 7 inataka nguvu za farasi kama 40, basi Gardner ndogo, 4LW ya silinda 4 na lita 5.6, inatosha. Injini kubwa isiyopewa kazi silinda zake huwa laini kama kioo, oili inapenya kwenye ringi, moshi hauishi.

Hesabu ya mafuta ni nyepesi: lita 1 kwa saa hutoa kama farasi 4. Bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kama maili 55 za bahari, ni saa 8 na lita 80. Ukirudi dhidi ya kusi ongeza theluthi.

Faida yenyewe ya injini ya raundi chache iko chini ya maji. Giaboksi ya 2:1 huiteremsha shafti hadi raundi 750, na hapo propela ya inchi 28 au 30 inasukuma bila kuchafua maji. Ukifunga ya inchi 20 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, umenunua uzito tu. Mwambie fundi kipimo kabla hajasimamisha fashini, ule mti wa nyuma wa boti: ncha ya propela ibakiwe na angalau inchi 3 hadi kwenye mbao.

Kulinganisha shafti na injini ndiko wengi wanakoharibu, maana wanamaliza kazi boti ikiwa bado mchangani. Boti ya mbao ikishushwa na bamvua inakunywa maji, mbao zinavimba, umbo linabadilika. Ngoja siku 3 ikielea. Fungua bolti za flenji, sahani mbili zinazounga shafti na giaboksi, zisogeze nyuso mbili zigusane, pitisha fila (kibati chembamba cha kupimia pengo) juu, chini, kushoto na kulia. Flenji ya inchi 5 isizidi tofauti ya milimita 0.1. Sasa zungusha shafti nusu mzunguko, injini isiguswe, upime tena. Pengo likihama pamoja na shafti, shafti au flenji yake imepinda, ipeleke kwa fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma. Likibaki palepale, ni injini: weka au punguza vibati vya shaba chini ya miguu yake. Vibao vya mbao hapo hapana, vinasinyaa.

Pakingi ya shafti, ile inayozuia maji yasiingie botini, usiikaze mpaka ikauke. Iache idondoshe matone machache kwa dakika. Ukiigusa ikakuunguza, legeza.

Na kama injini inapozwa kwa maji ya chumvi moja kwa moja, yatokayo yasipite nyuzi 55, kwani juu ya hapo chumvi huanza kuganda ndani ya bloku. Bahari yetu inaingia tayari na nyuzi 26 hadi 30, kwa hiyo chujio likiziba nusu tu na mwani, geji ya joto inapanda.