Kwa nini wamishenari wanaanza na Mwanzo
Umeuliza mbona wamishenari wanaanzia kwenye uumbaji wakati habari yenyewe ni Yesu. Mcheki Paulo: kwenye sinagogi la Antiokia ya Pisidia (Matendo 13) anaanza na Israeli kule Misri maana wale Wayahudi Muumba walishamjua, ila akifika Athene (Matendo 17) kwa watu wenye madhabahu ya Mungu asiyejulikana anaanza na Mungu aliyeumba dunia, bila hapo neno dhambi linakosa pa kushika. Halafu Mwanzo 3:9, watu wamejificha kwenye miti na Mungu ndo anawatafuta, "Uko wapi?" Misheni mi naiona inaanzia pale. Siku sita za uumbaji ni masaa 24 kila moja au la, hapo huwa napita tu, Wakristo wenyewe kwa wenyewe bado wanabishana.