Swichi ya kati haijui VLAN mpya

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisi yetu ya Kariakoo ina ghorofa nne, kila moja na swichi yake ya mtandao. Nikiongeza VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, naiandika kwenye zote kwa mkono. Wiki iliyopita niliisahau swichi ya ghorofa ya pili, wahasibu wa juu wakashinda bila mtandao. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Pole sana, kosa hilo nami limeshanikesha. Unachohitaji ni MVRP, itifaki inayofanya swichi ziambiane VLAN zenyewe, iliyokuja mwaka 2007 katika kiwango cha IEEE 802.1ak kurithi GVRP, itifaki ya zamani ya kazi hiyohiyo. Iwashe kwenye poti za tranki, yaani zinazounganisha swichi kwa swichi na kubeba VLAN nyingi, ncha zote mbili za kila waya. Swichi yenye watumiaji wa VLAN 30 humtangazia jirani. Jirani huisajili kwenye poti iliyopokea tangazo, kisha hulipeleka mbele. Wengi hukwama hapa: tangazo likitoka chini tu, swichi ya kati huifungua VLAN hiyo upande mmoja tu. Lazima na ya juu itangaze.

Poti za kompyuta bado utazipanga mwenyewe. Na nakusihi, huko usiiwashe kabisa, laptopu ya mgeni isije ikajiombea VLAN ya wahasibu. Kagua pia swichi zako za zamani: yenye GVRP pekee haielewi matangazo ya MVRP.