Mashine ya Kufyekea Nyasi Ikiwaka Lakini Haina Nguvu, Usikimbilie Kabureta

Mashine yangu ya kufyekea nyasi, ile ya petroli inayozungusha kamba ya nailoni, ilianza kunisumbua taratibu. Ilikuwa ikiwaka bila taabu na kunguruma vizuri ikiwa haina kazi, lakini kila nilipoiongezea kasi ilififia, ikakohoa, kisha ikazima. Kama wafanyavyo wengi, niliilaumu moja kwa moja kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Siku chache baadaye nikanunua nyingine mpya na kuifunga pia, na ugonjwa ukabaki ule ule.

Tangu hapo, kabla ya kununua kipuri chochote, huanza na plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, kwa sababu ndiyo inayoonyesha hali ya ndani ya injini. Ukivuta kamba ya kuwashia mara nyingi injini isiwake, na plagi ukaikuta kavu kabisa, petroli haifiki kwenye silinda. Ukiikuta imelowa, huenda petroli imezidi au cheche haipo. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, na mwanya wa ncha zake, mahali cheche inaporuka, kwa mashine nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Yangu ilikuwa nyeusi tititi, ina utando wa oili. Hilo lilikuwa jibu tosha, nami sikulisoma.

Pale ambapo petroli haifiki, kagua kwanza mpira wa mafuta mahali unapopenya kuingia kwenye tangi. Ukiutazama umenyooka utauona mzima, lakini ukiukunja kidogo kwa vidole, nyufa hufunguka, na kupitia nyufa hizo injini hufyonza hewa badala ya petroli. Chujio lililo ndani ya tangi huvutwa nje kwa waya uliopindwa ncha. Iwapo mashine huzima baada ya dakika kadhaa za kazi, legeza kifuniko cha tangi. Ikichangamka, tundu la kupitishia hewa kwenye kifuniko limeziba. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja imwage mahali panaporuhusiwa, uweke mpya.

Kwangu mimi hayo yote yalikuwa sawa, na chujio la hewa lilikuwa safi. Nilichosahau ni kwamba injini inayovuta hewa lazima pia iitoe. Ndani ya ekzosi ya mashine nyingi za aina hii kuna wavu mdogo wa chuma, usiozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ambao kazi yake ni kuzuia cheche zisirukie nyasi kavu. Niliiacha injini ipoe kabisa, nikachomoa waya wa plagi, nikafungua skrubu mbili za kifuniko cha ekzosi na kuutoa wavu huo kwa koleo. Ulikuwa umegeuka kipande cha masizi magumu. Nilipouinua kwenye jua, hakuna tundu hata moja lililopitisha mwanga. Niliusugua kwa brashi ya waya hadi matundu yakaonekana, nikaurudisha, na mashine ikapanda kasi kwa mvuto mmoja. Kuna wanaoutupa wavu huo ili kukwepa usumbufu. Nawasihi msifanye hivyo, kwa kuwa cheche moja inatosha kuteketeza shamba.

Ukiwa umeifungua ekzosi, chungulia pia mlango wa moshi kwenye silinda. Vuta kamba polepole mpaka pistoni iuzibe mlango huo, ndipo ukwangue masizi kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, ili yasidondokee ndani na pistoni isichunike.

Masizi yangu yalitokana na oili ya kuchanganya na petroli, niliyokuwa nikiimimina kwa kukadiria, nikiamini kwamba kuizidisha ni kuilinda injini. Sasa hutumia kikombe chenye vipimo: mashine inayotaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili hupewa mililita 20 kwa kila lita, na inayotaka 40 kwa 1 hupewa mililita 25. Kiwango cha mashine yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi hata kwenye kifuniko cha tangi.