"Mnawekaje akiba na watu wana shida?"

Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba wakaguzi wametupa hati safi na kwamba shirika letu sasa lina akiba ya kutuendesha miezi sita. Dada mmoja anayeendesha kituo cha watoto akanitumia ujumbe. Alianza kwa pongezi, akamalizia kwa swali: "Lakini dada, mnawekaje akiba na watu wana shida?" Limeninyima usingizi swali hilo, maana zamani ningeliuliza mimi mwenyewe, tena kwa ukali zaidi.

Tulianzia Muheza, mkoani Tanga, chumba kimoja cha kupanga na vyerehani 9. Wasichana wetu walikuwa wamekatishwa masomo na ujauzito. Wakati ule binti aliyezaa hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali; ruhusa ilikuja Novemba 2021. Kwa hiyo asubuhi walishona, mchana walisomea QT, Mtihani wa Maarifa, mlango wa kufikia mtihani wa kidato cha nne kwa aliye nje ya mfumo. Mimi niliamini kwamba kila shilingi inayolala benki nimemwibia mama mwenye mtoto mgongoni. Pesa ikiingia Jumatatu, Ijumaa imekwisha: vitambaa, uji wa watoto, nauli, dawa. Nilijivunia hilo na nikalisema mpaka mikutanoni, watu wakapiga makofi.

Mfadhili wetu alikuwa mmoja tu, na fedha zake zilikuja kwa awamu. Mwishoni mwa 2018 awamu ya tatu haikutoka. Ripoti yetu ilirudishwa mara mbili: risiti nyingine hazikuwepo kabisa, na kodi ya chumba cha kushonea tulikuwa tumeilipa kutoka fungu la semina za malezi. Sikula hata senti. Lakini fungu la watu ukilihamisha bila kibali, unadaiwa, na sisi tulidaiwa. Mishahara ikasimama. Kodi ya mishahara, ambayo TRA, Mamlaka ya Mapato, huisubiri kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, tukawa hatuna. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ikalala, ilhali ile ni pesa ya uzeeni ya walimu wangu.

Kisha ikafika zamu ya kuwaandikisha watahiniwa. Wasichana 11 walikuwa tayari. Ada yao wote kwa pamoja haikufikia chakula na posho za semina moja ya siku mbili tuliyoifanyia Tanga mjini miezi michache kabla. Kwenye akaunti kulikuwa na shilingi 14,200. Nilizunguka kwa ndugu na marafiki nikapata ada ya wawili. Nikakaa na orodha ya majina 11 mezani, nikashindwa kuwachagua hao wawili, na usajili ukafungwa nikiwa nimeishika.

Mama wa mmoja wao alikuja na khanga yake kichwani, akakaa kwenye benchi la nje, hakutaka kuingia. "Mwalimu, mlisema mtamsimamia mpaka mwisho." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba akaweka kufuli lake na vyerehani vikiwa ndani.

Mwenyekiti wa bodi yetu, mzee aliyestaafu kazi ya benki, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, shirika likifa, hawa mabinti utamkabidhi nani?" Tulikuwa tukipeleka kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa, kwa kuwa sheria ya mashirika hayo ya 2002 inataka hivyo, lakini pale ofisini hakuna aliyewahi kuzisoma. Tulianza kuzisoma usiku ule.

Kupanda kutoka pale sitaki kukueleza kwa urefu. Tulikopa, tukashona sare za shule kwa msimu wa Desemba na Januari, na kila robo mwaka tukatenga kiasi, hata mwaka ambao kiasi chenyewe kilikuwa laki moja na nusu.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye mmoja wa wafadhili wetu, ambaye chanzo chake kilikuwa huko, akatuandikia tusimamishe kazi. Nilipoisoma barua ile mikono ilinitetemeka. Halafu nikafungua hesabu zetu. Darasa halikufungwa hata siku moja, walimu walilipwa, mabinti wakaandikishwa. Nasema kwa fahari na sitaona haya.

Kwa hiyo dada yangu, tenga. Kidogo kidogo, lakini tenga, na ukitenga usiguse. Ukiandika andiko la mradi, omba na fungu la uendeshaji: pango, umeme, mshahara wa mhasibu. Tunaona aibu kuyaomba hayo kana kwamba ni anasa, tukijidai ofisi yetu inaendeshwa kwa moyo tu. Mwenye nyumba hapokei moyo. Usiwe na mfadhili mmoja. Fungu la semina liache liwe la semina. Na soma hesabu zako kila mwezi wewe mwenyewe, usimwachie mhasibu peke yake. Tunaosema tunawapenda wahitaji lazima tukubali kwamba binti akishapanga maisha yake kwa kuitegemea ahadi yetu, daftari la hesabu limekuwa sehemu ya ahadi hiyo. Tenga, dada.

Kati ya wale 11, wanane walifanya mtihani mwaka uliofuata. Watatu hawakurudi, mmoja niliambiwa ameolewa Handeni, wawili sijawapata hadi leo. Nimemwahidi yule dada kwamba mwezi ujao nikipita kwake nitamletea vitabu vyetu vya hesabu avione, pamoja na ukurasa wa 2019 wenye zile 14,200.